Sungura Achukua Nafasi ya Mbweha: Uchambuzi wa Kisa cha Zootopia

Novemba 2014, zikiwa zimebaki takriban miezi 16 filamu ya katuni Zootopia ianze kuonyeshwa, watengenezaji wake katika studio ya Walt Disney Animation huko Burbank, California, walimshusha mhusika mkuu. Mpaka wakati huo hadithi ilikuwa ya Nick Wilde, mbweha mjanja wa mjini. Kuanzia hapo ikawa ya Judy Hopps, sungura askari aliyetoka shamba. Nick hakutupwa, alisogezwa pembeni akawa mwenzake wa kazi. Jiji lilibaki lile lile na wanyama wale wale, lakini filamu iliyotoka Machi 2016 ni nyingine kabisa. Tofauti yenyewe haiko katika nani anaonekana zaidi kwenye skrini. Iko katika nani anashtakiwa na hadithi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ni nadra kupata nafasi ya kulinganisha hadithi mbili zilizojengwa kwa vifaa vile vile. Kwa kawaida toleo lililokataliwa hufukiwa na watazamaji hawalijui. Hapa waongozaji wenyewe walilieleza hadharani, na baadhi ya vipande vyake vya michoro vilitolewa vionekane. Kwa hiyo tunaweza kuuliza swali ambalo kila mtunzi hujiuliza usiku: kama mambo ni haya haya, kwa nini hadithi ile ilikwama na hii ikasimama?

Jiji kabla ya hadithi

Byron Howard alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa Tangled, filamu ya 2010. Baada ya kazi hiyo alitaka filamu ya wanyama wanaovaa nguo, wanaotembea kwa miguu miwili na wanaosema, mtindo ambao studio hiyo iliwahi kuutumia mwaka 1973 katika Robin Hood. Wazo la mwanzo lilikuwa la ujasusi, lenye sungura mpelelezi aitwaye Jack Savage katika dunia yenye sura ya miaka ya 1960. Ndani ya wazo hilo kulikuwa na sehemu inayotokea katika jiji la wanyama watupu, na sehemu hiyo ndiyo iliyowavutia wote. Ujasusi ukaachwa, jiji likabaki.

Swali lililoliunda jiji ni rahisi kulitamka na gumu kulitimiza: mamalia wangejenga jiji la namna gani kama binadamu hangewahi kuwepo? Timu ilisafiri hadi Kenya kutazama wanyama wakiwa porini. Ikachunguza ngozi na manyoya ya wanyama halisi. Ikakataa desturi ya katuni ya kumfanya panya na tembo walingane kimo ili waweze kuongea uso kwa uso. Katika Zootopia twiga ni twiga kwa urefu wake na panya ni panya kwa udogo wake. Ndiyo maana treni inayomleta Judy mjini ina milango ya vimo mbalimbali, na muuza juisi ana mrija maalumu wa kumpandishia twiga kikombe chake. Kuna mtaa wa barafu, mtaa wa jangwa, mtaa wa msitu wa mvua, na kamtaa ka panya ambako sungura akiingia anaonekana jitu. Kwa manyoya peke yake, Judy na Nick kila mmoja alipewa nywele zipatazo milioni 2.5, na twiga mmoja takriban milioni 9.

Nayataja haya kwa sababu yana uzito katika uamuzi uliofuata. Kufikia 2014 kazi ya kulibuni jiji ilikuwa imefika mbali, na jiji hilo lilikuwa zuri. Ukiwa na jiji zuri namna hiyo na hadithi inayomfanya mtazamaji alichukie, una tatizo ambalo hakuna manyoya yatakayoliponya.

Toleo la kola

Katika toleo la Nick, wanyama wala nyama wote walivalishwa kola shingoni. Mnyama akipandwa na hisia, awe na hasira au furaha kupita kiasi, kola inamtia umeme. Wala majani hawavai kola. Nick, ambaye naye ana kola yake, anaendesha kisirisiri mahali pa burudani ambapo wala nyama wenzake wanaweza kuachia miili yao na kuwa walivyo kwa saa chache. Kisha anasingiziwa uhalifu, na Judy, askari mkali wa sheria, anamwinda.

Kipande kimoja cha toleo hili kinajulikana kuliko vingine. Dubu mdogo anafanyiwa sherehe ya kuvalishwa kola yake ya kwanza. Watu wazima wamekusanyika na baba yake anajitahidi kutabasamu. Mtoto anafurahi kwa kuwa sasa amekua kama baba. Kwa furaha hiyo hiyo kola inamtia umeme, na uso wake unabadilika. Ni kipande chenye nguvu ya kutisha. Kukitazama kikiwa bado michoro ya penseli kunatosha kumkaba mtu koo.

Mtu anaweza kusema basi hicho ndicho kilichostahili kubaki. Ubaguzi umeonyeshwa kama chuma shingoni, bila kuzungukazunguka, na mtoto wa miaka sita anaelewa. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi na inanigusa. Lakini filamu haiundwi na kipande kimoja. Katika studio hiyo hadithi hujaribiwa kwa kuunganisha michoro na sauti za muda kuwa filamu nzima, kisha wafanyakazi wenzao wanaitazama mwanzo hadi mwisho na kusema wanachokiona. Walipoitazama hii, waliona kwamba jiji halipendeki. Howard na wenzake wameeleza jambo hilo bila kificho: kola zililifanya jiji kuwa mahali pabaya mno, na mtazamaji hakuona sababu ya kutaka lipone. Alitaka tu wala nyama wahame.

Hapo ndipo wengi wanaosimulia kisa hiki huishia: filamu ilikuwa na giza, wakaipunguza giza. Nadhani maelezo hayo hayatoshi. Kuna filamu nyingi za watoto zenye giza zaidi ya hapo na zinasimama. Ukilichunguza toleo la kola utaona kasoro mbili za ndani zaidi.

Ya kwanza ni kwamba Nick hana safari. Anaanza hadithi akijua jiji limeoza, na kila tukio linamthibitishia alichokijua. Mhusika anayeanza akiwa sahihi na kumaliza akiwa sahihi anaweza kuteseka, anaweza hata kushinda, lakini hana kitu cha kugundua. Na katika hadithi ya upelelezi, ambayo mwili wake mzima ni kugundua, hilo ni pengo kubwa.

Ya pili ni nafasi ya mtazamaji. Tukiingia jijini kwa macho ya Nick tunakaa upande wa anayeonewa tangu dakika ya kwanza. Kola ni mbaya, sisi tunajua ni mbaya, waliozitengeneza ni wabaya. Mtoto anatoka ukumbini akiwa amejifunza kwamba wapo watu wabaya wanaofunga wenzao kola, na kwamba yeye si mmoja wao. Mzazi wake anatoka na faraja ile ile. Hakuna aliyeguswa mahali pake.

Macho ya Judy

Sasa mtazame Judy. Ni mmoja wa watoto wengi wa wakulima wa karoti huko Bunnyburrow. Amekuwa wa kwanza darasani katika chuo cha polisi na ndiye sungura wa kwanza kuvaa sare hiyo. Mkuu wake wa kazi, nyati Bogo, hataki kumuona, na siku ya kwanza anampa kazi ya kuandikia faini magari yaliyoegeshwa vibaya wakati wenzake, vifaru na viboko na dubu, wanapewa kesi za wanyama 14 waliopotea. Duma Clawhauser wa mapokezi anamwita mrembo, na Judy anamweleza kwa upole kwamba sungura kumwita sungura mwenzake hivyo si neno, ila mwingine akisema... Clawhauser anajisikia vibaya papo hapo.

Kwa hiyo tunamjua kama anayedharauliwa. Anajua uchungu wa kupimwa kwa umbo. Tunampenda, na tunamwamini anapojiona hana ubaguzi kwa yeyote. Waandishi Jared Bush na Phil Johnston wakachukua imani hiyo wakaipandia kitu kidogo kiunoni mwake: dawa ya kupulizia mbweha.

Ufuatilie huo mkebe, kwa maana ndio uti wa mgongo wa filamu nzima. Wazazi wake wanampa kituoni anapoondoka, kwa hofu yao ya kawaida. Anaupokea ili waridhike. Asubuhi ya kwanza ya kazi anauacha mezani, anafungua mlango, anatoka, kisha anarudi kuuchukua. Sekunde chache tu, bila neno, na watoto ukumbini hucheka. Hakuna anayehisi kwamba ameshatazama mwanzo wa kosa. Kisha anamuona Nick akiingia kwenye duka la aiskrimu la tembo, anamshuku bila sababu nyingine ila kwamba ni mbweha, na anamfuata. Anapokuta ni baba anayemnunulia mwanawe aiskrimu anaona haya, anaingilia kati, na anamtetea mbele ya tembo anayekataa kumhudumia. Halafu anampongeza Nick kwa jinsi anavyojua kujieleza vizuri.

Sentensi hiyo ya pongezi ni mojawapo ya sentensi zilizoandikwa kwa akili zaidi katika filamu za familia za miaka hiyo. Kila aliyewahi kusifiwa kwa kitu ambacho mwingine asingesifiwa ataisikia mara moja. Judy haisikii. Anadhani ametenda wema, na kweli ametenda wema, na dharau imekaa ndani ya wema huo huo. Nick anamjibu kwamba ni nadra kukutana na mtu asiyemdharau, na bado haisikii. Baadaye inajulikana kuwa Nick alikuwa tapeli kweli na yule mtoto ni mwenzake mtu mzima, jambo linaloipa shaka yake ya mwanzo kibali kibaya: alimshuku kwa sababu mbovu, akatokea kuwa sahihi. Hii ndiyo njia ubaguzi unavyojilisha maishani, na filamu imeionyesha bila kuhubiri hata kidogo.

Toleo la kola lisingeweza kuwa na tukio kama hili. Pale ambapo mnyama ana chuma shingoni hakuna nafasi ya pongezi yenye sumu. Kila kitu kimeshasemwa na kile chuma.

Mkutano na waandishi wa habari

Saa 48 alizopewa Judy kumtafuta fisi maji aliyepotea zinaisha kwa ushindi. Yeye na Nick wanawakuta wanyama wote 14 wamefungiwa katika jengo la siri, wote wala nyama, wote wamegeuka kuwa wakali wasiosema. Meya Lionheart, simba, anakamatwa kwa kuwaficha. Judy ni shujaa. Sasa anasukumwa mbele ya vipaza sauti, na kabla hajapanda jukwaani Nick anamfundisha mbinu: ukiulizwa swali, jiulize swali lako mwenyewe kisha ulijibu hilo. Judy amempa Nick fomu ya kuomba kazi ya polisi na kalamu yake ya umbo la karoti ya kuijazia. Nick anaijaza akiwa amesimama pembeni, akimsikiliza.

Waandishi wanauliza kwa nini hawa wamegeuka. Judy anajibu kwamba wote ni wala nyama. Wanauliza maana yake. Anatumia mbinu ya Nick, na akiwa na ujasiri aliopewa na Nick, anasema huenda ni suala la kibaolojia, jambo lililo katika asili yao, kwamba enzi za kale waliishi kwa kuwinda na sasa wanarudia ukali huo.

Hajakasirika wala hajakusudia ubaya. Sauti yake ni ya mtu anayejitahidi kueleza jambo gumu kwa uaminifu. Kila neno alilolisema alilibeba kutoka kwao Bunnyburrow, ambako alipokuwa mtoto mbweha Gideon Grey alimkwaruza shavu, na ambako wazazi wake walizungumza juu ya mbweha kama watu wanavyozungumza juu ya hali ya hewa. Nick anauliza: na mimi je? Wewe ni tofauti, anajibu, wewe si kama wao. Nick anamuuliza kama anamwogopa, kama anadhani siku moja atamla, na anamsogelea ghafla. Mkono wa Judy unashuka kiunoni, kwenye ule mkebe.

Hapo mtazamaji amenaswa, na ndiyo sababu nasema badiliko la 2014 lilibadilisha mshtakiwa. Kwa zaidi ya saa moja tumekuwa ndani ya Judy. Tumecheka aliporudia mkebe mezani. Tumeona ni busara. Mkono ule unaposhuka ni mkono wetu, na mtoto aliyekuwa anamshangilia anaona jambo ambalo ni vigumu kumweleza kwa maneno: kwamba mtu mwema, aliyeonewa mwenyewe, anayempenda rafiki yake, anaweza kumwumiza rafiki huyo kwa kitu alichokibeba bila kukiangalia.

Yanayofuata yanasimuliwa kwa vipande vifupi, na ufupi huo una heshima. Ndani ya treni chui milia anakaa karibu na mama sungura, na mama anamvuta mwanawe kwake. Clawhauser anahamishwa kutoka mapokezi kwenda kwenye chumba cha mafaili huko chini, kwa sababu wakubwa hawaoni vyema uso wa kwanza wa kituo uwe wa mla nyama. Anabeba vitu vyake kwenye boksi bila kulalamika. Hakuna aliyevalishwa kola, lakini umeme umeshafika.

Nick alipata nini kwa kushushwa

Mtu angedhani mbweha amepoteza. Kwa maoni yangu alipata mhusika bora zaidi kuliko alivyokuwa mbele. Tukiwa nje yake hatujui anawaza nini, na siri hiyo inampa uzito. Halafu kinakuja kisa cha utoto wake: Nick mdogo, amevaa sare aliyonunuliwa na mama yake kwa shida, anakwenda kuapishwa katika chama cha vijana cha maskauti akiwa mbweha pekee. Wenzake wanamwangusha chini na kumfunga kifungo cha mdomoni kama cha mbwa mkali, wakimuuliza kwa nini alidhani watamwamini mbweha asipofungwa.

Sina haja ya kuambiwa na waandishi wa filamu kwamba kifungo kile ni kola iliyopunguzwa. Inaonekana. Walichokifanya ni kuuchukua mfumo mzima wa jiji na kuukunja hadi ukaenea kwenye dakika mbili na mtoto mmoja analia kwenye ngazi. Ubaguzi umehama kutoka sheria ya manispaa kwenda mikononi mwa watoto wanaocheza. Nguvu haikupungua. Nasema iliongezeka, maana waliofanya vile si serikali ya kubuni.

Na kalamu ile ya umbo la karoti, inayorekodi sauti, inapita mkono kwa mkono kama mpira wa kesi yote. Kwanza Judy anaitumia kumbana Nick kwa kurekodi kauli yake ya kukiri kwamba anakwepa kodi. Baada ya Judy kuacha kazi, kurudi shambani na kugundua ukweli, anamfuata Nick chini ya daraja kumwomba radhi. Anakiri kwamba alikuwa mjinga, kwamba wala nyama hawapaswi kuteseka kwa kosa lake, na analia. Nick amemgeuzia mgongo, kisha inasikika sauti ya Judy mwenyewe kutoka kwenye kalamu: amemrekodi. Msamaha umetolewa kwa kifaa kile kile cha kubanana. Mwishoni wanaitumia pamoja kumnasa mhalifu. Kuandika kitu kimoja kikabeba uhusiano mzima namna hii ni ufundi wa kupigiwa saluti.

Kazi yenyewe

Uamuzi wa namna hii haukuwezekana kwa maneno tu. Howard aliunganishwa na Rich Moore, aliyekuwa ameongoza Wreck-It Ralph ya 2012, naye Bush akawa mwongozaji mwenza juu ya kazi yake ya uandishi. Clark Spencer alikuwa mtayarishaji. Tarehe ya kutoka haikusogezwa mbali ili kuwapa nafasi ya kuanza upya, kwa hiyo walipaswa kutenganisha kilicho cha hadithi na kilicho cha jiji, na kukihifadhi cha jiji. Mitaa, treni, vimo na spishi vilibaki. Ginnifer Goodwin ndiye sauti ya Judy na Jason Bateman ya Nick, na mengi ya mvutano wao ni kazi ya sauti: Bateman anazungumza kama mtu asiyetaka chochote, hadi anapotaka.

Filamu ilifunguliwa Marekani tarehe 4 Machi 2016 na kuingiza takriban dola milioni 75 katika wikiendi ya kwanza. Duniani kote ilipita dola bilioni 1, na China peke yake ikachangia zaidi ya milioni 230. Februari 2017 ilipewa Oscar ya filamu bora ya katuni.

Kilichobaki hakijatatuliwa

Sitaki kuandika kana kwamba badiliko lile lilitibu kila kitu. Lilileta udhaifu wake, na udhaifu huo unahusiana moja kwa moja na kilichoachwa.

Wa kwanza ni mfano wenyewe. Katika dunia hii wala nyama waliwahi kweli kuwala wala majani, na filamu inalisema hilo katika tukio lake la kwanza kabisa, kwa igizo la watoto. Hofu ya mama sungura ndani ya treni ina historia ya kweli nyuma yake. Hofu nyingi ambazo wanadamu wanazo juu ya wenzao hazina historia hiyo, zimetungwa. Anayeichukua filamu hii na kuilinganisha kipande kwa kipande na jamii fulani ya watu atajikuta amesema jambo ambalo filamu haikukusudia. Watengenezaji walijitahidi kuzuia ulinganisho huo kwa kutawanya mizani: wala nyama ni sehemu moja tu ya kumi ya jiji lakini wana nguvu na vyeo, Judy ni wa kundi kubwa lakini anadharauliwa kwa udogo, kondoo Bellwether ni naibu meya anayefanyishwa kazi kama karani. Kila mmoja anaonea na kuonewa mahali fulani. Napendelea kuisoma hivyo, kama uchunguzi wa tabia ya kushuku, kuliko kama fumbo la taifa fulani.

Ua linaloitwa night howler ndilo jibu zuri zaidi la filamu kwa tatizo hilo. Judy anagundua ukweli shambani, pale Gideon, sasa mwoka mikate anayefanya kazi na wazazi wake na aliyekwisha kuomba radhi, anapolitaja ua hilo kwa jina. Mama yake anakumbuka kwamba sungura wa ukoo wao aliwahi kulila na akauma mtu vibaya. Sungura! Kwa hiyo ukali si wa damu ya mla nyama, ni wa sumu, na yeyote akipewa atageuka. Nadharia aliyoitamka Judy mbele ya waandishi inaanguka kwa ushahidi wa nyumbani kwao, kutoka kwenye familia ile ile iliyompa mkebe.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Inapojulikana kwamba Bellwether ndiye aliyekuwa akiagiza wala nyama wapigwe sumu ili asilimia 90 ya jiji iungane kwa hofu chini yake, hadithi inapata mhalifu, na mhalifu anapokamatwa jiji linapumua. Treni iliyojaa woga, wakubwa waliomhamisha Clawhauser, tembo aliyekataa kuuza: hayo yote yanafunikwa na tamasha la mwisho, jiji likicheza. Bellwether aliwasha moto, ni kweli, lakini kuni zilikuwa za jiji. Filamu inalijua hilo katika sehemu yake ya katikati na inalisahau mwishoni. Toleo la kola, pamoja na makosa yake yote, lisingeweza kusahau, kwa sababu uonevu wake ulikuwa umeandikwa kwenye sheria na kukamata mtu mmoja kusingezifungua zile kola.

Hapa ndipo naona gharama halisi ya Novemba 2014. Walipata mshtakiwa aliye karibu nasi, yule aliye ndani ya mhusika tunayempenda, na kwa filamu inayotazamwa na mtoto aliyekaa kando ya mzazi wake nadhani walichagua sawasawa. Walichopoteza ni jiji kama mkosaji: namna mitaa, sheria na umiliki vinavyoweza kumbagua mtu hata kama kila jirani ni mpole.

Filamu ya pili, iliyotoka Novemba 2025 chini ya Bush na Howard, inaanza karibu na pengo hilo. Katika ya kwanza hukuona mnyama yeyote asiye mamalia katika jiji lote, na wengi wetu hatukuuliza. Ya pili inamleta nyoka aitwaye Gary, sauti yake ikiwa ya Ke Huy Quan, na swali lake ni kwa nini jamii yake haimo mjini na ni nani aliyeiondoa.